Mas'ala ya Msuguano Katika Vyuma vya Meno, Yakitazamwa Kutoka Rungwe

Jino lililovishwa chuma halisogezwi na mkono wa daktari. Husogezwa na waya, siku baada ya siku, baada ya mgonjwa kurudi kwao na daktari kushughulika na wengine. Hali hii ni moja popote duniani, lakini uzito wake humwelemea zaidi mtu atokaye Masoko, au Ikuti, au Mwakaleli, kuliko yule akaaye mtaa mmoja na mtaalamu wake. Maana mgonjwa wa mjini, waya ukikwama, atakwenda kesho na kukwamuliwa. Walakini yule wa Rungwe, ambaye hospitali ya wilaya pale Tukuyu humsaidia kwa kung'oa na kuziba, na ambaye kwa ajili ya vyuma hana budi kuelekea Mbeya, kiasi cha kilomita 70, au kusafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam ambako wengi wa wataalamu wachache wa fani hii wamekusanyika, huyo atakaa na waya wake uliokwama mpaka siku ya miadi ifike, na ikiwa masika yamekaza, mpaka baada ya siku hiyo.

Katika uchambuzi huu nakusudia kulitazama jambo moja la kazi hiyo, nalo ni msuguano baina ya waya na braketi, jambo ambalo kwa muda wa nusu karne limewashughulisha wahandisi na matabibu wa Ulaya na Marekani, likawatajirisha watengenezaji kadha wa kadha, na ambalo mzazi wa kwetu hulisikia kwa sura ya bei: kwamba ziko braketi za kawaida, na ziko nyingine, ghali kuliko hizo, ambazo waya hupita ndani yake pasipo taabu, na kwa sababu hiyo meno hunyooka mapema na safari za kwenda kwa daktari hupungua. Ahadi ya kupunguza safari ni tamu kwa mtu wa Rungwe kuliko kwa wengine, na kwa ajili hiyo hasa yafaa ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Kwanza tuvifahamu vyombo vyenyewe. Braketi ni kipande kidogo cha chuma au cha kauri kigandishwacho kwa gundi juu ya uso wa jino, nacho kina mfereji uliokatwa katikati, ambao kimo chake, kwa vipimo viwili vilivyozoeleka, ni inchi 0.022 au inchi 0.018, yaani kiasi cha milimita 0.56 au 0.46. Ndani ya mfereji huo hulazwa waya, wa duara mwanzoni mwa matibabu na wa pembe nne baadaye, ukazuiliwa usitoke ama kwa pete ndogo ya mpira, zile za rangi ambazo vijana hupenda kuzichagua wenyewe, ama kwa uzi mwembamba wa chuma unaosokotwa kwa koleo. Katika miezi ya mwanzo kazi ya waya ni kuyaleta meno katika mstari mmoja. Kazi ngumu zaidi huja baadaye, mathalani pale magego madogo yalipong'olewa ili nafasi ipatikane, na jino la chonge likatakiwa kurudi nyuma kulijaza pengo; hapo daktari hulivuta kwa mnyororo wa mpira au kwa springi, nalo huteleza juu ya waya, au tuseme hutakiwa liteleze.

Nguvu ya kulirudisha jino la chonge likiwa wima ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kiasi cha gramu 100 hivi. Lakini kwa kuwa sehemu ya nguvu huliwa na msuguano kabla haijaufikia mzizi, makisio ya vitabu vya fani ni kwamba avutaye juu ya waya huongeza nguvu nyingine karibu sawa na hiyo. Drescher na wenzake wa Ujerumani, walipoyapima mambo haya mwaka 1989, walionyesha kwamba kinachopotea si kidogo hata kidogo, na tangu hapo juhudi nyingi za utafiti zilielekezwa kwenye swali moja tu: tufanyeje ili upotevu huu upungue? Swali hilo lina haki yake. Kasoro yake ni kwamba liliulizwa mbele ya meza ya maabara, na mdomo wa mwanadamu haukuitwa kutoa ushahidi.

Elimu ya msuguano ni kongwe. Guillaume Amontons, Mfaransa, aliieleza mwaka 1699, na Coulomb akaikamilisha mwishoni mwa karne ya 18: msuguano hukua kwa kadiri vitu viwili vinavyogandamizana, na haujali ukubwa wa eneo linalogusana. Kanuni hii yamtosha anayekokota gunia la chai sakafuni. Kwa jino haitoshi, kwa sababu jino halikokotwi; jino huinama. Braketi imegandishwa juu, kwenye sehemu ionekanayo, ilhali mzizi umezama mfupani chini, na ukilivuta kwa juu, kichwa hutangulia na mzizi hubaki nyuma. Braketi nayo huinama pamoja na jino, mpaka kona zake mbili, moja ya juu na nyingine ya chini, ziubane waya kutoka pande zilizo kinyume. Ni kama komeo la mlango lililovutwa kwa upande: komeo lenyewe ni laini na pete zake zimepakwa mafuta, lakini likikaa mshazari halitoki, na kulivuta kwa nguvu zaidi ndiko kunakozidisha kukwama. Kisha, polepole, waya uliopindika hulisukuma jino lirudie wima wake, kona zikaachia, jino likasogea kidogo, likainama tena. Hivyo ndivyo jino lisafirivyo, kwa kukwama na kukwamuka, kiasi cha milimita moja kwa mwezi.

Waliolipambanua jambo hili kwa hesabu ni Robert Kusy na John Whitley wa Chuo Kikuu cha North Carolina, katika makala yao ya mwaka 1999. Walisema kwamba upinzani wa kuteleza una sehemu tatu. Ya kwanza ni msuguano wenyewe, ule wa Amontons, utokanao na mpira au uzi unaougandamiza waya ndani ya mfereji. Ya pili ni kukabwa, pale kona za braketi zinapoubana waya. Ya tatu ni kung'atwa, pale kona hizo zinapouchimba waya mpaka ukapata pengo, na mwendo wote ukasimama. Mpaka wa baina ya sehemu ya kwanza na ya pili ni pembe ndogo sana, nyuzi chache ambazo hata kwa waya mwembamba hazizidi kama tano, na kwa waya mnene unaokaribia kuujaza mfereji hupungua zaidi. Jino likiisha kuinama kupita pembe hiyo, na halina budi kuinama maadamu linavutwa kwa juu, sehemu ya kwanza hudidimia na ya pili hushika hatamu.

Msomaji aniwie radhi kwa kukaa sana juu ya nukta hii. Mashindano yote ya kibiashara yaliyofuata yaliipita kando. Braketi zinazosifiwa kwa kukosa msuguano huipunguza sehemu ya kwanza tu. Kukabwa hakujali waya umefungwa kwa mpira, kwa uzi au kwa mlango mdogo wa braketi yenyewe. Kunategemea umbo la jino na mzizi, upana wa braketi, ugumu wa waya, na mahali nguvu ilipotiwa.

Yafaa pia kujua kwamba mas'ala haya hayakuwako zamani kwa uzito huu. Edward Angle, Mmarekani aliyeibuni braketi ya mfereji wa pembe nne na kuitangaza mwaka 1928, alitumia nyaya za dhahabu, na kwa muda mrefu baada yake mabingwa wa njia hiyo waliziba mapengo kwa kuukunja waya wenyewe uwe na vitanzi: kitanzi hufunguliwa kidogo, nacho katika kurudia umbo lake huyavuta meno pamoja na waya wote, bila jino kuteleza juu ya kitu chochote. Raymond Begg wa Adelaide, Australia, alishika njia nyingine, akatumia waya mwembamba wa duara katika braketi nyembamba, akaliachia jino liiname lipendavyo kwanza, kisha akainyoosha mizizi baadaye. Naye pia aliukwepa msuguano kwa namna yake. Ni pale Lawrence Andrews wa California, katika miaka ya 1970, alipozitengeneza braketi ambazo kila moja imechongwa kwa mwinamo wa jino lake, hata daktari asihitaji kuukunja waya, ndipo waya ulionyooka ulipotawala. Waya ulionyooka ulizaa kuteleza, na kuteleza kukaufanya msuguano uwe mas'ala ya dunia nzima. Tuliokoa kazi ya mkono wa daktari, tukainunua shida nyingine. Nami sisemi kwamba biashara hiyo ilikuwa mbaya, bali kwamba ilikuwa biashara, na kila biashara ina malipo yake.

Katika madini ya waya pana jambo la kustaajabisha. Chuma kisichoshika kutu ndicho chenye msuguano mdogo kuliko vyote. Aloi ya nikeli na titani, ambayo George Andreasen wa Iowa aliiingiza katika fani hii mwaka 1971 baada ya kuzaliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, ina unyumbufu usio na mfano lakini husugua zaidi. Aloi ya titani ya namna ya beta, ambayo Charles Burstone na Jon Goldberg waliieleza mwaka 1980, husugua kuliko zote. Mtu angedhani basi kwamba hii ya mwisho ndiyo yenye uso wenye mikwaruzo zaidi, lakini sivyo. Kusy na Whitley walipoupima uso wa nyaya kwa nuru, waliikuta ile ya nikeli na titani ndiyo iparuzayo zaidi, ilhali ya beta ndiyo inayosugua zaidi, kwa sababu titani ina tabia ya kugandamana na chuma cha braketi hata vipande vyake vikahamia huko. Ulaini wa macho, basi, si dalili ya kuteleza. Na braketi za kauri, ambazo zilitoka katikati ya miaka ya 1980 na kupendwa na watu wazima kwa kuwa hazionekani upesi, zina mfereji mgumu kuliko waya, ukauchimba. Baadhi ya watengenezaji wakalazimika kuutandika chuma ndani ya mfereji huo, wakirudi kwa mlango wa nyuma walikotoka.

Sasa tuje kwenye braketi zenye mlango. Wazo lake si jipya asilani. Jacob Stolzenberg wa New York alitoa ya kwanza mwaka 1935, ikasahauliwa. Ilifufuliwa katika miaka ya 1970 na Herbert Hanson wa Kanada, na katika miaka ya 1990 Dwight Damon, Mmarekani, akaifanyia mfumo mzima na falsafa yake: mlango mdogo unaoteleza huufunika mfereji, waya hukaa ndani bila kugandamizwa, mpira hauhitajiki. Maabarani matokeo yalikuwa ya kuvutia. Waya mwembamba ulipovutwa ndani ya braketi hizo ulipita kana kwamba hakuna kitu. Juu ya matokeo hayo ilijengwa hoja: msuguano umepungua, kwa hiyo nguvu ndogo yatosha, kwa hiyo meno hutembea upesi, kwa hiyo matibabu huisha mapema na miadi huwa michache.

Kila "kwa hiyo" katika msururu huo ilihitaji ushahidi wake, na ushahidi ulipotafutwa kwa wagonjwa wenyewe, haukupatikana. Fleming, DiBiase na Lee huko Uingereza waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu baina ya braketi zenye mlango na za kawaida, na katika taarifa yao ya mwaka 2010 muda wa matibabu haukupungua, wala idadi ya miadi. Johansson na Lundström wa Uswidi walifika pale pale mwaka 2012. Chen, Greenlee na Huang, waliozikusanya tafiti za wengine na kuzilinganisha mwaka 2010, hawakuona faida thabiti ila mbili: daktari huokoa dakika chache za kufungua na kufunga waya, na meno ya mbele ya chini huchomoza nje pungufu kidogo kuliko kwa braketi za kawaida. Dakika chache za daktari ni mali kweli, lakini ni mali ya daktari. Mtu aliyetoka Tukuyu kwa basi la alfajiri hazimfai kitu.

Kwa nini maabara ilisema hivi na wagonjwa wakasema vile? Sababu moja tumekwisha kuiona, nayo ni kukabwa. Katika mashine nyingi za majaribio waya hunyooshwa na braketi hupangwa sawasawa, kisha waya huvutwa kwa mwendo wa milimita kadha kwa dakika, ilhali jino, kama tulivyosema, huenda milimita moja kwa mwezi, na huenda likiinama. Sababu ya pili ni kwamba mdomo hautulii. Mtu hula, husema, humeza, husaga meno usingizini, na kila mshituko huo huweza kuukwamua waya. Braun na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba mguso mdogo juu ya waya au braketi uliuondoa msuguano kwa muda katika takriban majaribio yao yote, wakahitimisha kwamba hofu ya msuguano imekuzwa kupita kiasi. Iwasaki na wenzake, mwaka 2003, walipopima vinywani mwa watu wanaotafuna ubani, hawakuona nafuu hiyo ya kutegemewa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimesema kweli kwa kadiri ya vipimo vyao: kutafuna hukwamua mara nyingine na mara nyingine hakukwamui, na daktari mwenye busara hawezi kuweka hesabu zake juu ya nasibu hiyo. Mate nayo ni shahidi asiyeaminika. Kwa waya wa titani ya beta hulainisha, kwa waya wa chuma huweza hata kuongeza mnato.

Kwa habari ya kutafuna, Rungwe ina neema na balaa yake. Ndizi za kupikwa, maziwa na maparachichi havina ugomvi na vyuma. Muwa na mahindi ya kuchoma, vipendwavyo na watoto njiani kutoka shule, ni jambo jingine: hung'oa braketi kwenye gundi yake na kuupinda waya, na waya uliopindwa pasipo kusudi hukaba kuliko waya wowote uliopimwa maabarani. Hali kadhalika uchafu. Waya uliokaa kinywani wiki nyingi bila mswaki kupita vizuri hupata utando na ukoko, na msuguano wake huzidi. Kwa hiyo mswaki wa kila siku, ambao wengi huuhesabu kuwa ni kwa ajili ya fizi tu, ni sehemu ya utendaji wa chombo chenyewe.

Iko hoja moja nyingine inayotajwa sana, nayo ni hoja ya nanga. Magego ya nyuma ndiyo yashikayo upande wa pili wa mpira, na daktari hataki yasogee mbele. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba msuguano ukizidi, daktari huzidisha nguvu, na nguvu hiyo iliyozidi huyaelemea magego mpaka nanga ikakokoteka. Southard na wenzake walilipinga jambo hili mwaka 2007 kwa hoja nyepesi ya kimekanika: ikiwa msuguano unaizuia nguvu isilifikie jino la chonge, basi unaizuia pia isiyafikie magego, kwa sababu waya umeshikana na pande zote mbili, na kinachoyafikia magego ni kile tu kilichobaki. Hoja yao naiona ni sahihi pale mfumo mzima umetulia. Lakini jino halitulii, na katika kukwama na kukwamuka huko, iwapo daktari ametia nguvu nyingi kwa kuogopa msuguano, siku waya ukikwamuka nguvu yote hufika kwa mara moja. Kosa lenyewe, basi, ni woga wa daktari kumfanya avute kupita kiasi. Na mgonjwa aliye mbali ndiye anayeshawishi kosa hilo: daktari hujiambia kwamba huyu hatarudi karibuni, heri nimtilie nguvu ya kutosha.

Kutoka hapa nadhani mas'ala yote yanapaswa kugeuzwa uso. Kwa mgonjwa wa Rungwe swali la kwanza lisiwe ni nguvu kiasi gani inapotea. Liwe ni hili: mgonjwa asiporudi kwa siku aliyoandikiwa, chombo kitaendelea kufanya nini kinywani mwake? Kiko chombo kifanyacho kazi yake kikasimama, na kiko kisichojua kusimama. Kitanzi cha waya wa chuma, kikifunguliwa milimita moja, huziba milimita moja na kukoma. Hakina msuguano wa kukisumbua wala nguvu ya ziada ya kuleta madhara. Hilo ndilo jema lake. Ubaya wake ni kwamba hutaka mkono uliozoea koleo, huhifadhi chakula, huweza kulichubua shavu, na kikipindwa na muwa huyapeleka meno kusikokusudiwa bila mtu kujua. Kwa mtoto asiyeweza kujizuia na muwa, nisingekipendekeza.

Mnyororo wa mpira hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu yake katika siku ya kwanza, na vitabu huiandika sifa hiyo kuwa ni aibu yake. Kwa aliye mbali naiona ni rehema: mpira uliochoka haudhuru mtu. Springi ya nikeli na titani haichoki. Nguvu yake hukaa miezi kwa kiwango kile kile, na ikifungwa juu ya waya mnene wa chuma wa pembe nne, tuseme wa inchi 0.019 kwa 0.025 katika mfereji wa 0.022, huziba pengo taratibu na kusimama meno yagusanapo, kwa hiyo nayo ni salama. Lakini springi hiyo hiyo juu ya waya mwembamba, uliochaguliwa kwa kuwa eti una msuguano mdogo, huyaangusha meno ndani ya pengo, mizizi ikabaki imeachana, na kuyainua tena ni kazi ya miezi mingi. Hapo msuguano mdogo ndio uletao hasara, na kukabwa kwa waya mnene ndiko kulindako.

Na safari je, haziwezi kupungua? Zaweza, ila si kwa braketi yenye mlango. Katika hatua ya kunyoosha, waya wa duara wa nikeli na titani huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuguswa, na mgonjwa aliyekuwa akiitwa kila baada ya wiki nne aweza kuitwa baada ya wiki nane au zaidi, braketi zake zikiwa ni zile za kawaida zilizofungwa kwa uzi wa chuma, ambao haulegei kama mpira na haunywi mate. Hatua za kuvuta, zihitajizo jicho la daktari zaidi, zaweza kupangwa ziangukie likizo za shule za Juni na Desemba, na zisianzishwe Machi, mvua za Tukuyu zinapokuwa katika ukali wake na njia za vijijini zikiwa matope. Haya ni mambo ya kalenda, wala hayaongezi shilingi juu ya gharama.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawahimiza watu wote waende kufungwa vyuma. Matilda Mtaya na wenzake, waliowachunguza wanafunzi 1601 wa miaka 12 hadi 14 katika Kinondoni na Temeke na kuchapa matokeo mwaka 2009, waliwakuta asilimia 63.8 wana kasoro moja au zaidi ya mpangilio wa meno. Lakini hesabu za namna hiyo hujumuisha na nafasi baina ya meno, na mwanya, katika nchi hii, aghalabu ni pambo linalosifiwa, wala hakuna sababu ya kulipia waya kuuziba. Wanaohitaji vyuma kwa haja ya kweli, kama wale ambao meno yao ya mbele hayakutani au chonge zimeota juu ya fizi, ni wachache zaidi, na kwa sababu ni wachache yafaa watendewe vizuri.

Muhimbili imefundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979, na Mbeya ina chuo cha matabibu wa kinywa na meno ambao ndio wahudumu wa wilaya kama Rungwe. Ombi langu kwa wanaowafundisha matabibu hao ni dogo: wafundishwe kukata waya uliochomoza, kuurudisha waya uliotoka mferejini, kukaza uzi uliolegea, na kuufungua mnyororo unaovuta vibaya, ili mgonjwa wa Ikuti asilazimike kupanda basi hadi Mbeya kwa ajili ya kazi ya dakika kumi. Na kwa mzazi aliyeambiwa aongeze fedha kwa ajili ya braketi zisizo na msuguano, ushauri wangu ni kwamba azihifadhi kwa nauli za miadi, kisha amuulize daktari ni waya gani atakaotumia wakati wa kuvuta, na mtoto akikosa kuja mwezi mmoja itakuwaje. Daktari mwenye jibu la maswali hayo mawili anafaa kupewa kazi hiyo, hata kama braketi zake ni za bei ya chini.